Shajara ya mradi: kompyuta inayofuata mabega ya muheme

8 Februari

Swali la mradi huu ni moja, nimeliandika kwenye jalada la daftari ili nisilipoteze: je, kompyuta inaweza kumfuata mpigaji wa muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, bila kumlazimisha abadili namna anavyocheza?

Vyombo vingi vya muziki vinavyoendeshwa kwa mwendo wa mwili vilibuniwa kwa mtu mmoja aliye peke yake jukwaani. Theremini, aliyoibuni Lev Termen kule Urusi karibu na mwaka 1920, ndiyo mkubwa wao. Mkono mmoja ukisogea karibu na antena sauti inapanda, mwingine unaikuza na kuipunguza, na mpigaji inabidi asimame kama nguzo kwa sababu mwili wake wote umo ndani ya uga wa umeme. Mwanamuziki Michel Waisvisz alipoanza kupiga kwa vifaa vyake vya kuvaa mikononi kule Amsterdam mwaka 1984, alipata uhuru mkubwa zaidi, lakini bado alikuwa mtu mmoja na mikono yake miwili.

Muheme ni mambo mengine kabisa. Ni safu ya kina mama, kila mmoja ameibana ngoma yake mapajani, wanapiga kwa viganja huku wanaimba, wanainama, wanasogea, na shanga pana za shingoni zinaruka kila mabega yanapotikisika. Hakuna aliye peke yake na hakuna aliyetulia. Kwa hiyo nimejiwekea sharti kwamba kikundi kisijifunze kifaa. Kifaa ndicho kijifunze kikundi. Kikishindwa, kinarudi mezani, na muheme inaendelea bila hicho.

22 Februari

Vifaa vimetimia. Kila mchezaji atavaa kibao kidogo cha ESP32 chenye Wi-Fi yake, kihisi cha MPU-6050 na betri ndogo ya lithiamu. Kihisi hicho kinapima mchapuko katika mihimili mitatu, na kasi ya mzunguko katika mihimili hiyo hiyo. Fundi simu mmoja karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma mjini, ndiye aliyenilehemea nyaya. Mkono wake umezoea vitu vidogo, na hakuna hata kiungo kimoja kilichoachia.

Vipimo vinaingia kwenye laptopu kwa utaratibu wa OSC (Open Sound Control), wa kutuma ujumbe wa muziki kati ya vifaa, uliobuniwa Berkeley, California, mwaka 1997. MIDI, utaratibu wa zamani zaidi wa kazi hiyo hiyo, ipo tangu 1983 na kila kinanda cha kanisani kinaielewa, lakini ujumbe wake wa kawaida una ngazi 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Kwa kitufe cha kinanda zinatosha sana. Kwa bega linalotikisika kidogo kidogo, sikio linazisikia zile ngazi, sauti inapanda kwa vidato badala ya kuteleza. Sauti zenyewe nazitengeneza kwa Pure Data, programu ya bure iliyoanzishwa na Miller Puckette. Ni muhimu kwangu kwamba ni ya bure, kwa sababu siku nitakapoondoka, kijana yeyote wa kikundi aweze kuifungua kwenye kompyuta yoyote bila kumlipa mtu leseni.

2 Machi

Kijijini, upande wa Chamwino. Tunakutana Jumapili mchana baada ya ibada, maana msimu huu siku nyingine zote watu wako shambani wanapalilia mtama na uwele. Baada ya shikamoo na mbukwenyi za kutosha, mama anayeongoza kikundi alikaa kwenye kigoda chake akaniangalia vizuri.

"Mwanangu, umekuja kuchukua ngoma yetu?"

"Hapana, mama. Nimekuja kupima mwendo wake."

"Na huo mwendo ukishaupima, unakaa wapi?"

Hakuna swali la kitaalamu nililoulizwa katika kazi hii lililo zito kuliko hilo. Nilifungua laptopu, nikawaonyesha faili moja la majaribio niliyojipima mwenyewe: safu za namba, kila mstari na muda wake. Nikaeleza kwamba nakala moja itakaa kwangu, na nyingine kwenye flashi ya katibu wa kikundi. Mama mwingine akauliza kama namba hizo zinaweza kuuzwa. Nikasema zinaweza, mikononi mwa mtu asiye na makubaliano nao, na ndiyo maana tuandike makubaliano. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na sioni kwa nini mwendo wa mtu usihesabiwe kuwa taarifa yake.

Tumekubaliana hivi: anayetaka namba zake zifutwe atasema na zitafutwa, bila kuulizwa sababu. Hakuna kurekodi nyimbo za faragha za unyago. Chochote kitakachochezwa hadharani kwa kutumia kifaa hiki, kikundi ndicho kitakachotajwa mbele. Kikao kilikula mchana wote na ngoma haikupigwa. Sikuona hasara, kwa sababu sasa nafanya kazi na watu wanaojua ninachofanya.

16 Machi

Upimaji wa kwanza. Mvua imelegeza ngozi za ngoma, kwa hiyo moto wa majani makavu uliwashwa kwanza, ngoma zikazungushwa pale, na kina mama wanagonga kwa kidole wakisikiliza hadi sauti ikaze.

Kwenye ubao wa kila ngoma nimebandika kidude cha piezo, aina ile inayolia ndani ya saa za mezani, ili nipate wakati halisi wa pigo. Kihisi cha mwendo kilianzia kifundoni mwa mkono. Kuna jambo moja la kuzingatia kwa yeyote atakayepima ngoma za mikono: kiganja kinapotua juu ya ngozi mchapuko ni mkali mno. Kihisi kikiwa kwenye kipimo chake cha chini, yaani mara 2 ya mvuto wa dunia, mchoro unapanda kisha unakatika tambarare juu, na mapigo yote yanaonekana yana nguvu sawa. Kwenye kipimo cha juu, mara 16, vilele vinarudi na unaona pigo la katikati ya ngozi linavyotofautiana na la ukingoni.

Lakini kina mama hawakukipenda pale mkononi. "Mkono unakuwa mzito," alisema mmoja, na nilipomsikiliza akipiga nacho na akipiga bila nacho, kweli pigo lake la ukingoni lilikuwa limebadilika. Kikatolewa. Tukajaribu mgongo, kiuno, kisha bega. Bega ndilo lililokubalika. Kihisi kimefungwa kwa kipande cha kitenge kilichopitishwa kwapani, juu yake shanga, na baada ya wimbo wa pili hakuna aliyekuwa akikigusagusa.

30 Machi

Nimekaa na vipimo wiki nzima hapa mjini, Area C, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kelele za ujenzi wa jirani.

Nilianza na mapigo, kama kila mtu anavyoanza. Vilele vya piezo vinaonyesha vizuri nani amepiga lini. Kisha nikaweka chini yake mchoro wa bega la mama kiongozi, na hapo nikasimamisha kila kitu kingine. Kuna sehemu katika wimbo ambapo kikundi kizima kinageuka, mdundo unabadilika na wote wanaingia pamoja. Ukisikiliza sauti peke yake, mgeuko unatokea ghafla. Ukitazama bega, haukutokea ghafla. Kabla ya mgeuko bega la kiongozi linapunguza mtikisiko, linashuka kidogo, halafu linainuka mara moja kwa nguvu. Muda kati ya kushuka kule na pigo la kwanza la mdundo mpya ni mrefu mara nyingi kuliko ucheleweshaji wowote wa waya au Wi-Fi. Na mabega ya wengine yanashuka baada ya lake, kabla mikono yao haijafanya lolote.

Nilimpigia simu kumweleza. Hakushangaa hata kidogo. "Sasa wewe ulifikiri wanajuaje?" alisema. "Siwaiti kwa mdomo, mdomo una wimbo."

Hii inabadilisha mradi wote. Watu wa fani yetu tumetumia miaka mingi kupambana na milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde, na nitapambana nazo pia, lazima. Ila kompyuta inayongoja pigo ndipo ijibu itakuwa nyuma siku zote, hata kwa waya bora kuliko zote, kwa sababu katika muheme pigo ni mwisho wa tendo lililoanza zamani begani. Mwanagenzi anayejifunza kwa kusikiliza mapigo tu naye huingia akiwa amechelewa. Anayetazama mabega huingia na wenzake.

6 Aprili

Msiba kijijini. Hatukukutana.

19 Aprili

Kazi ya muda. David Wessel na Matthew Wright, watafiti wa muziki wa kompyuta, waliandika mwaka 2002 kwamba chombo cha kompyuta kijibu tendo ndani ya milisekunde 10, na kuyumba kwa jibu hilo kusizidi milisekunde 1. Kuyumba ndiko kubaya zaidi. Kuchelewa kusikobadilika mwili unakuzoea, ila kunakobadilika kila mara unakosa pa kukushika.

Kihisi kikisomwa mara 100 kwa sekunde, umeshapoteza hadi milisekunde 10 kabla hata ya kutuma kitu. Sasa kinasomwa mara 500. Laptopu inatoa sauti kwa mafungu ya sampuli 64 (vipande vidogo vidogo vya sauti), na kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde fungu moja halifiki milisekunde 2. Kilichobaki ni hewa, ambayo wengi huisahau. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita ni takriban milisekunde 3. Spika ikiwekwa mita 6 kutoka kwa mchezaji, zaidi ya milisekunde 17 zimekwenda njiani, na uhodari wote wa programu umeliwa na uwanja. Spika zinakaa karibu na miguu yao.

Wi-Fi ilikuwa na tatizo lake. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hufyonzwa na maji, na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa. Safu ikinyooka, kila kitu kinafika. Kikundi kikijikunja duara, miili inasimama kati ya vihisi na ruta, na ujumbe unapotea kwa mafungu. Kijana wa pale, mtoto wa katibu, alipanda mwarobaini wa uani akaifunga ruta kwenye tawi pamoja na pawabenki yake, juu ya vichwa vya wote. Upotevu ukashuka hadi nisiwe na cha kulalamikia. Intaneti haihitajiki kabisa. Ruta na laptopu vinaongea vyenyewe, bando linabaki salama.

26 Aprili

Mwendo tunao, sauti je? Sikutaka bega la mama wa Kigogo litoe sauti za kinanda cha kanisani. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki wa Afrika, na wengine wameeleza kwamba mfumo wa sauti wa Wagogo unafuata hamoniki za asili, zile sauti za juu zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi. Msingi ukiwa hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, hamoniki ya 6 ni 600, ya 7 ni 700, ya 8 ni 800, ya 9 ni 900, ya 10 ni 1,000. Ya 7 ndiyo inayowatenga na kinanda: iko chini ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa karibu theluthi moja ya nusu toni.

Mzee mmoja anayepiga ilimba, kisanduku chenye meno ya chuma yanayokwanyuliwa kwa vidole gumba, ambacho mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alikifikisha kwenye majukwaa ya dunia, alikubali kukaa nami uani. Nilitoa kwanza noti ya kinanda kwenye spika, iendelee kulia. Akakwanyua jino la ilimba lililo jirani nayo. Sauti mbili zikagombana, ikasikika mitetemo ya haraka, mibovu, na mzee akakunja uso. Nikaishusha ya kompyuta polepole. Mitetemo ikapungua kasi, ikawa mawimbi marefu, kisha ikanyamaza, na jino likaonekana kuendelea kulia muda mrefu kuliko kawaida. Nilipoangalia skrini, tulikuwa karibu kabisa na hamoniki ya 7. "Hapo ndipo," akasema, akakwanyua tena kwa raha yake. Kuanzia leo programu nzima inafuata hamoniki, na msingi unachukuliwa kwenye ilimba iliyopo siku hiyo, maana kila ilimba ina msingi wake.

27 Aprili

Mara ya kwanza vyote kwa pamoja. Mabega ya kina mama watatu yalikuwa yanaendesha sauti nyembamba ndefu, mtikisiko ukiongezeka hamoniki za juu zinajitokeza. Bega la kiongozi likishuka kwa ule mshuko wa mgeuko, kompyuta inaandaa rangi nyingine ya sauti na kuiachia pale linapoinuka.

Iliingia kwa wakati. Iliingia nao. Nimeandika sentensi hizi mbili kisha nikazisoma tena kwa furaha, kwa sababu ndilo jambo nililokuwa nalitafuta.

Kuna kilichonitia wasiwasi pia. Wasichana wa safu ya nyuma walianza kuigeukia spika. Macho yalihama kutoka kwa kiongozi, na mara mbili walipokea mgeuko kutoka kwenye sauti ya kompyuta badala ya bega lake. Mama alisimamisha wimbo. "Nitazameni mimi. Hicho nacho kinanitazama mimi." Akaagiza spika zihamishiwe nyuma ya safu, zielekee migongoni, na sauti ipunguzwe hadi iwe chini ya ngoma. Ilipopunguzwa, nilisikia kitu ambacho sikukisikia mwanzo: shanga na njuga zikawa zinasikika tena, na sauti ya kompyuta ikakaa katikati yake.

11 Mei

Kanuni nilizoandika kwa mkono za kutambua mshuko wa bega zinafanya kazi kwa kiongozi, hazifanyi kwa anayempokea akichoka. Kila mwili una mshuko wake. Nimehamia Wekinator, programu aliyoitengeneza Rebecca Fiebrink mwaka 2009, ambayo unaifundisha kwa mifano badala ya kanuni: unafanya mwendo, unaiambia huu ni nini, inajifunza, unajaribu, unasahihisha pale pale.

Faida kubwa ni nani anayefundisha. Leo haikuwa mimi. Kina mama walikaa karibu na laptopu, mmoja anacheza, wengine wanaamua huu ni mfano mzuri au tufute. Walikuwa wakali kuliko nilivyotarajia. Mfano ambao mimi ningeukubali waliukataa kwa sababu aliyecheza alikuwa "anaonyesha" mgeuko, hakuwa anageuka. Wakataka mifano yote ichukuliwe ndani ya wimbo kamili.

Kisha ikatokea kwamba kila mama mmoja anapojitengeneza kanga begani, kompyuta inaona mgeuko. Bega linashuka, bega linainuka, kwa namba ni kitu kile kile. Wakakaa chini wakatoa mifano ya kutengeneza kanga, ya kufuta jasho, ya kumwinamia mtoto aliyekuja kunong'ona, yote ikapewa jina moja la "siyo ngoma". Baada ya hapo kanga haikuleta tena shida. Vitabu vya fani hupanga miendo ya mwanamuziki katika makundi, kama alivyofanya Alexander Refsum Jensenius wa Oslo na wenzake: inayotoa sauti, inayowezesha ile inayotoa sauti, inayofuata sauti, inayowasiliana. Mpango huo umenisaidia sana kufikiri. Katika muheme, hata hivyo, mtikisiko mmoja wa bega la kiongozi unafanya kazi zote nne kwa pamoja: unarusha shanga zinazolia, unauandaa mkono, unaufuata mdundo, na unawaambia wenzake. Sitaugawa.

25 Mei

Katibu aliuliza kama tunaweza kumpa mtafiti mwingine data bila majina. Nilifikiri njia ya heshima ni kugeuza video kuwa vidoti. Programu ya MediaPipe inatoa vidoti 33 kwa kila mwili, hakuna picha ya uso, hakuna nguo. Niliwaonyesha kipande kifupi. Hawakuhitaji hata kukimaliza. "Huyu ni mama wa kisimani." "Huyu ni mdogo wake, wanaruka sawa." Gunnar Johansson, mwanasaikolojia wa Sweden, alionyesha tangu 1973 kwamba taa chache tu zilizobandikwa kwenye viungo zinatosha mtazamaji kumwona mtu anayetembea gizani. Watu wanaocheza pamoja miaka yote wanaona zaidi ya hapo. Kwa hiyo vidoti si kificho. Kikundi kimeamua data isitoke, atakayetaka kuiona aje kijijini aketi nao.

Mvua zimeisha, ngozi za ngoma zinakaza haraka, na baada ya mavuno watakuwa na nafasi ya kufanya mazoezi hata siku za kati. Zinahitajika betri mbili mpya, kwa kuwa zilizopo zinaisha kabla ya mazoezi kwisha, na mkanda wa bega ulioshonwa vizuri. Fundi cherehani wa kikundi ameshachukua vipimo. Mama kiongozi ametoa maagizo ya hatua inayofuata: kihisi kimoja kihamishiwe kwa msichana anayemfundisha uongozi, na sauti ya kompyuta imfuate huyo pale tu bega lake linapokubaliana na la kwake. Hilo ninaliandikia programu wiki hii.